Siku Jeshi Lilipomwandika Senja

Jina lake la zamani silitaji. Si siri, nusu ya wilaya hii wanalijua na wengine bado wamelishikilia kama kupe, lakini mwenyewe ameshalitua na mimi si mtu wa kumwokotea mtu mzigo alioutua. Anaitwa Senja Kangas. Ni jina la bibi yake mzaa baba, yule aliyevuka bahari kutoka Ufini na sufuria moja na ulimi mkali. Ukimwona Senja amekasirika utajua hakukosea kuchagua.

Alizaliwa hapa hapa kwetu, shamba la akina Kangas, juu ya ziwa, akaandikwa mvulana. Mama yao alipofariki akalelewa na dada yake Irja, aliyemzidi miaka mingi. Alipomaliza shule aliingia jeshini, akaendesha malori ya mafuta katika vita vya Ghuba, kazi ambayo cheche moja ya moto inatosha kukumaliza. Aliporudi alikaa kwa dada yake majira mawili tu, kisha akaondoka kwenda Detroit, na huko ndiko alikoanza kuishi kama mwanamke, kwa sababu ndivyo alivyokuwa siku zote na hapa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alirudi akiwa na miaka hamsini. Vern, mume wa Irja, alikuwa amekufa, na shamba lilikuwa limemshinda Irja peke yake.

Alirudi na shati la maua, nywele za kijivu zimefungwa nyuma, na mikono ile ile ya fundi. Wiki hiyo hiyo akatengeneza trekta, akaziba paa la banda, akapasua kuni za majira yote ya baridi. Hakimu wa wilaya alimpa jina jipya kwa muda usiotosha hata kunywa kahawa. Sisi majirani tuliguna, tukaulizana, tukacheka cheka kidogo, tukazoea. Watu wa huku hawana maneno mengi. Ukijua kuwasha injini kwenye baridi, utasamehewa mengi.

Irja ndiye hakuzoea. Alimpikia, alimfulia, alimtandikia chumba cha juu chenye joto, na kila asubuhi akamwita kwa jina lile lile la zamani kupitia ngazi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Na ilikuwapo sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto. Kwetu Jumamosi ni sauna, na ya Irja ndiyo kubwa kuliko zote upande huu, ya magogo, karibu na maji, na majirani tunakwenda bila kualikwa. Wanaume huingia kwanza jiko likiwa kali, hutoka wekundu, huenda kunywa bia nyuma ya banda. Kisha zamu yetu wanawake, na sisi ndio hukaa. Humo ndimo mambo yote yanamosemwa: nani mjamzito, nani anaumwa, nani kalala wapi. Tunasuguana migongo, tunamwagiana maji, tunatukanana. Senja hakuwa na zamu. Na wanaume asingeingia hata kwa bunduki, na kwa wanawake Irja alisema wazi kwamba haiwezekani. Kwa hiyo Jumamosi zote alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, akachochea moto wetu, akangoja. Watu wote wakishaondoka aliingia peke yake, mawe yameanza kupoa.

"Nitakuwashia upya," nilimwambia mara moja. "Mawe ya vuguvugu yana raha gani?"

"Helmi, moto si shida," akaniambia. "Mimi nataka kelele."

Niliumia, basi.

Mimi ni mpishi wa klabu ya wanajeshi wastaafu hapa kijijini. Ijumaa tunakaanga samaki na watu hujaa, na Irja hunisaidia kwa sababu anasema nikiachwa peke yangu naunguza. Ijumaa moja ya vuli uvumilivu ukaniishia.

"Irja, utaacha lini kumwita mdogo wako jina lile? Hakimu ameshasema."

"Hakimu gani? Si yule aliyempa Karla talaka huku anatafuna bigijii?"

"Bigijii au bila bigijii, ni hakimu."

"Mahakama itakubadilishia chochote ukilipa ada. Jeshi ndilo linajua watu wake." Akaweka mwiko chini. "Vern alipokufa nani alikuja? Hakimu? Walikuja vijana wa jeshi, wakapiga goti mbele yangu kwenye theluji wakanikabidhi bendera, kwa sababu ya ile karatasi yake ya kumaliza utumishi iliyo juu ya jiko langu. Siku jeshi litakapomwandika Senja, na mimi nitamwita Senja. Kabla ya hapo msinisumbue, samaki wanaungua."

Arvo, mwenyekiti wetu, mwenye mguu wa plastiki na mdomo usio na breki, alikuwa ameegemea mlango wa jiko akinyemelea kipande cha samaki. Akageuka nyuma.

"Afande," akasema, "umesikia amri hiyo?"

Nyuma yake alisimama Senja na gunia la viazi begani. "Nimesikia," akasema. Akalitua gunia taratibu, akatabasamu, na tabasamu lile lilinitia hofu. Irja alisema vile akijua jeshi halitakubali kamwe. Senja alisikia ahadi.

Jumatatu nikampeleka mjini kwa Bwana Duquette, anayewahudumia wastaafu wa jeshi wa wilaya nzima kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalovuja. Ni mtu mnene, mpole, anayezungumza kama anayevuta kamba kisimani. Senja alimwekea mezani amri ya hakimu na karatasi yake ya kumaliza utumishi, yenye jina la zamani. Ile karatasi alikuwa anaichukia. Kila alipoihitaji, awe anataka leseni ya kuvua kwa bei nafuu au kujiandikisha klabuni, ilimlazimu aeleze maisha yake yote mbele ya foleni, na foleni za huku hazina haraka.

"Inawezekana," Duquette akasema. "Wapo walioandikiwa mpya. Inachukua muda."

"Nishani zangu zitabaki?"

"Zitabaki. Lori litabaki, jangwa litabaki. Hawabadili ulichofanya. Wanabadili nani aliyekifanya." Akasita, akajikuna ndevu. "Hapana, nimekosea. Aliyekifanya ni wewe. Wanabadili wanavyokuita, basi."

"Hiyo inatosha," Senja akasema.

Ombi likaenda. Kabla ya Krismasi likarudi. Hawakukataa, ila walitaka liwekwe sahihi mbili, moja ya jina jipya na moja ya jina lililo kwenye kumbukumbu zao. Senja alinisomea barua hiyo jikoni kwangu, kahawa ikapoa. Ili jeshi limwondolee lile jina, ilimbidi alitumie tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Sahihi yenyewe siikumbuki," akasema. "Nimekaa miaka yote hii nikiisahau kwa makusudi, na nimefaulu."

Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akajaribu. Akajaribu tena. Herufi zilitoka kama za mtoto, zimelala upande. Mara ya tatu mkono ukajikumbusha wenyewe, sahihi ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, ya haraka, ya kijana wa miaka ishirini mwenye haraka ya kurudi kwenye lori. Senja akaiangalia akaanza kulia. Mimi si hodari wa kubembeleza. Nilimkatia mkate wa iliki nikampakia siagi nyingi kuliko inavyofaa, na alipomaliza kutia sahihi kwenye ombi lenyewe nikaichukua ile karatasi ya kufutia mikono nikaitia kwenye jiko la kuni.

"Ahsante," akasema.

"Kula."

Basi tukangoja. Mtu asiyejua majira ya baridi ya huku hajui kungoja. Katapila la theluji lilipita kila alfajiri likalifukia sanduku la barua la akina Kangas, na kila asubuhi Senja alishuka na koleo akalifukua. Nilikuwa namwona nikipita na gari. Baridi ya kukata masikio, na yeye anachimba kama kuna mtu amefukiwa pale. Kisha anakaa amesimama mpaka mleta barua afike. Mleta barua akaanza kumtikisia kichwa kwa mbali ili asijisumbue kutembea, na hilo sijui lilikuwa wema au ukatili.

Mimi pia niliingiwa na hamu ile. Nikawa naamka naifikiria barua isiyo yangu. Jumamosi kwenye sauna, sisi tukicheka ndani, nilisikia shoka lake nje, tak, tak, na kicheko kikanikwama. Irja alisikia vilevile. Alikuwa akipandisha sauti ili kulifunika.

Barua ilikuja Mei, barafu ikiwa imeanza kuachia ziwa. Senja hakuifungua barabarani. Alikuja nayo kwangu ndani ya shati, tukaenda pamoja mpaka jikoni kwa Irja, mimi na mkate mkononi kwa sababu sijui kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Akaifungua kwa kisu cha samaki. Akaisoma, akaiweka juu ya meza mbele ya dada yake.

Irja akavaa miwani ya Vern, yake huwa haioni kitu. Akasoma kama anayetafuta udanganyifu: miaka, kikosi, dereva wa malori ya mafuta, nishani moja baada ya nyingine. Kisha akarudi juu kabisa, kwenye jina, akakaa hapo.

"Senja Kangas," akasoma.

"Ndiyo, dada."

"Wamemwandika Senja ndiye aliyekuwa kule jangwani."

"Ndiyo."

Irja akavua miwani. "Mimi nilikaa mbele ya televisheni ile majira yote ya baridi. Kila lori lililowaka moto nilisema ndilo. Nilifunga utepe wa njano kwenye mti mpaka ukaoza. Nilikuwa namngoja mdogo wangu. Sasa hapa hayupo. Mmemfuta."

"Ulikuwa unaningoja mimi," Senja akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Na mimi nilirudi, dada. Mbona nimesharudi, bado unamngoja nani?"

Birika likalalamika. Nilitamani kumtikisa Irja mabega. Aliinuka, akachukua fremu yenye karatasi ya Vern juu ya jiko, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akairudisha.

"Haya," akasema. "Ahadi ni ahadi. Senja, chukua kikombe. Helmi, kata huo mkate, umeuleta wa kuuangalia?"

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mjinga mimi. Arvo alibandika tangazo klabuni, jina lote, Sajenti Senja Kangas, na kila aliyepita akalazimishwa kulisoma kwa sauti kabla ya kupewa bia. Jambo lilionekana limekwisha.

Jumamosi wanaume walipotoka, mimi na Tyyne, mke wa Arvo, tukashuka na taulo zetu. Irja alikuwa ameshafika mlangoni. Na nyuma yetu akaja Senja. Hakukaa kwenye gogo. Alikuwa na taulo jipya, bado lina mikunjo ya dukani, ndoo ndogo, na sabuni kwenye kibweta. Alikuwa amejipanga kama msichana anayekwenda shule siku ya kwanza. Akafika kwenye ngazi, akasimama.

Irja akaziba mlango kwa mwili wake. Hakupaza sauti.

"Niliahidi jina," akasema. "Sikuahidi sauna."

Damu ilinipanda kichwani. Nikafungua mdomo, Senja akanishika mkono wa shati. "Acha, Helmi," akasema. "Ingia, joto linatoka." Akaweka ndoo chini, akaenda kukaa kwenye gogo lake na taulo lile jipya mapajani. Hakugusa shoka. Alitazama ziwa tu.

Tukaingia. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Irja akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatupanda usoni, tukakaa watatu kwenye benchi la juu kama watu wanaongoja daktari wa meno. Kisha, kama kila Jumamosi, Irja akashuka benchi la chini, akaninyooshea brashi bila kugeuka, akainamisha mgongo.

Brashi ikabaki hewani.

"Helmi."

"Mkono unaniuma," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale mlangoni."

Akamnyooshea Tyyne. Tyyne ni mtu wa kanisani, mpole, hajawahi kumwudhi mtu tangu alipozaliwa. Akaitazama ile brashi, akajivuta kuelekea mlangoni.

"Una mdogo wako nje, Irja," akasema, "na ana mikono miwili."

"Mmekula njama."

"Hatukula chochote," nikasema. "Jisugue."

Tukatoka tukaenda chumba cha kuvulia nguo, tukafunga mlango, tukaanza kujikausha. Niwaambie ukweli. Kwetu unaweza kumnyima mtu mkopo, unaweza kumnyima salamu, lakini kumwacha mtu ndani na mgongo usiosuguliwa, hilo sikuwahi kuliona. Tulivaa polepole. Soksi moja. Soksi ya pili. Ndani hakukusikika hata kata kugonga ndoo. Nikaanza kuogopa kwamba mzee wa watu amezimia, na Tyyne akaanza kuomba kwa midomo.

"Senja!"

Sauti ilipita kwenye magogo. Ilikuwa ile ile ya kila asubuhi kwenye ngazi, ya kusikika mpaka barabarani.

"Senja! Unataka niivie humu?"

Hatua zikaja mbio, kisha zikasita kwenye ngazi. Mlango wa nje ukafunguka. Senja akatutazama, mimi na Tyyne, uso umemtoka rangi. Tyyne akamsogezea nafasi kwenye benchi, akageukia ukuta kumpa faragha. Senja akavua viatu, akavua shati la maua, akalikunja kwa uangalifu wa kijeshi, kona kwa kona. Akajifunga taulo jipya, akaingia, mlango ukafunga nyuma yake.

Tungeondoka. Heshima ilitaka tuondoke. Tukakaa.

Kwanza maji tu. Kisha brashi, krash, krash.

"Taratibu, huko si lori," Irja akasema.

"Samahani."

"Shuka chini kidogo. Hapo." Akakohoa. "Unajua nani alikutoa huku?"

"Kutoka wapi?"

"Huku. Ulikuwa unaoga na sisi, watoto wote huoga na mama zao. Ulipofika miaka saba mama akasema sasa ni mkubwa, mpeleke kwa baba yako. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakupeleka kwenye zamu ya wanaume, nikakuacha mlangoni. Ulilia mpaka ukatapika. Nilimwambia mama unaogopa moto."

Brashi ikasimama.

"Sikuogopa moto," Senja akasema. "Nilikaa nje pale mlangoni mpaka zamu yenu ikafika. Nilikuwa nawasikia wewe na mama mnacheka."

Tyyne alikuwa amenishika mkono, na kiatu chake kimoja bado kiko mkononi. Ndani kata ikagonga ndoo, maji yakamwagika kwenye mawe, na mawe yakalia kwa nguvu.

"Lete brashi," Irja akasema. "Geuka, nikusugue na wewe."